Kutoka Misafara ya Pwani Hadi Matatu ya 126: Historia ya Njia za Miguu za Kajiado

Mkazi wa Gataka, karibu na Rongai, anayetaka kutembea siku nzima mbali na honi hahitaji kuwa na gari. Akishafika mjini Ngong kwa matatu, ataanza kupanda vilele vya Milima ya Ngong, kimoja baada ya kingine, kwa takriban kilomita 10, upepo ukimpiga kifuani na Bonde la Ufa likiwa limefunguka upande wa kulia. Kisha atateremkia Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, apate gari la Kiserian, na kutoka hapo matatu namba 126 itamrudisha Rongai. Matatu mbili tatu na miguu yake mwenyewe, basi.

Siku hizi tunayaita matembezi, na Jumamosi utawakuta wanafunzi wa vyuo, vikundi vya kanisa na wanachama wa vyama wakipiga picha chini ya mitambo ya upepo. Lakini sehemu kubwa ya historia ya njia za kaunti hii ni ya watu waliotembea kwa sababu maisha yao yalitegemea kutembea.

Watu hao ni wa kale mno. Ukiiteremka barabara ya Magadi kutoka Kona Baridi unafika Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walikuta mwaka 1942 mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kwa wingi wa kushangaza. Mwaka 2018 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba zana nyingine za hapo, zenye umri wa miaka 320,000 hivi, zilichongwa kwa obsidiani, jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Jiwe hilo halipatikani hapo. Lilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 90. Ama mtu alilifuata, ama lilipita mikononi mwa watu wengi. Kwa vyovyote vile, lilibebwa kwa miguu.

Karne ya 19 ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa ndipo Pwani na bara zilipokutana kwenye nyasi hizi. Penye chemchemi za mto Mbagathi palikuwa na kambi iliyojulikana na kila kiongozi wa msafara: Ngongo Bagas. Wapagazi waliotoka Pangani na Mombasa walitua mizigo yao hapo, kila mmoja akiwa amebeba kilo 30 hivi za nguo, shanga na nyaya, nao hawakuwa na haraka ya kuondoka. Mbele yao kulikuwa na nchi ya Wamaasai, yenye ng'ombe tele lakini isiyo na nafaka. Kwa hiyo walisubiri Wakikuyu washuke kutoka msituni na maharagwe, viazi vitamu na vyakula vingine, wakabadilishana, wakajaza magunia, ndipo wakaendelea kuelekea Naivasha kutafuta pembe za ndovu. Biashara hiyo ilikuwa na hatari zake. Bei isipokubalika, au mtu akiiba shambani, mishale iliruka, na misafara ililinda kambi zake kwa boma la miiba.

Vitabu vya Ulaya vinamtaja Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883, kisha Count Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel, waliofuata mwaka 1887. Ni haki pia kumtaja Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Thomson aliungana na msafara wake ili aweze kuivuka nchi ya Wamaasai, na miaka minne baadaye Teleki alimtegemea yeye yule hadi Ziwa Turkana. Alizijua njia, visima na namna ya kuzungumza na wazee wa kila mahali. Kama kuna jina linalostahili kuandikwa kwenye kibao pale mtu anapoanza kupanda Milima ya Ngong, naona ni lake, pamoja na ukumbusho wa wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa kokote.

Maji ya Mbagathi yenyewe husafiri kinyume cha safari yao. Hupita chini ya msitu wa Oloolua na kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, huwa Athi, kisha Galana, na kumwagika baharini kwa jina la Sabaki karibu na Malindi.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, misafara ilikwisha. Kilichofuata ni nusu karne ya watu kuamriwa mahali pa kukanyaga. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine huku kusini. Mkataba wa 1911 uliifuta ile ya Laikipia, na familia nzima na mifugo yao zikaswagwa kuja kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi yao ilitupwa. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika hakuweza kutoka hifadhini kutafuta kazi bila kipande, yaani hati ya utambulisho. Mwaka 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilitangazwa ng'ambo ya Mbagathi, na wafugaji wakapoteza malisho waliyoyazoea.

Katika miaka hiyohiyo walowezi walianza kupanda milimani kwa starehe, wengi wao wakifika kwa gari. Denys Finch Hatton, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, alizikwa kwenye mteremko wa Ngong, na kaburi lake bado hutembelewa. Klabu ya Milima ya Kenya iliundwa mwaka 1949. Asiye na gari, yaani karibu kila Mwafrika, aliiona milima ile kutoka mbali.

Matatu ndizo zilizobadilisha hali hiyo. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus ilikuwa imeshikilia haki ya kubeba abiria jijini tangu 1934, nazo matatu ziliviziwa na polisi hadi mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu zifanye kazi. Barabara za Ngong na Magadi zikapata magari ya alfajiri na ya usiku. Rongai, iliyokuwa kambi ya wachonga mawe, ikakua hadi watu 172,569 katika sensa ya 2019. Matatu namba 111, 125 na 126 ziliwaletea watu kazi na makazi. Pia ziliwapa wikendi, jambo ambalo sijaona likiandikwa.

Lakini gari lililoleta mtembezi lilileta pia mnunuzi wa ploti. Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imeunda ranchi za pamoja, ardhi moja chini ya hati moja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo ziligawanywa, Kitengela ikiwa miongoni mwao, na kila mwenye kipande chake akawa huru kuuza. Seng'enge zikafuata. Wa kwanza kuumia walikuwa nyumbu: katika tambarare za Athi na Kaputiei walikuwa zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia 2011 walikuwa wamebaki chini ya 5,000. Mpango ulioanza mwaka 2000 uliwalipa wenye mashamba ya Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua. Ulisaidia baadhi ya mashamba, ila bei ya ardhi ilipanda kupita malipo yoyote ya namna hiyo. Mahali ambapo nyumbu hapiti, mchungaji naye hapiti, wala mtembezi.

Karibu na Gataka bado kuna msitu wa Oloolua, wenye njia ya kilomita 5 hivi, maporomoko madogo ya Mbagathi na pango linalosemekana kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Njia hiyo imesalimika kwa sababu iko mikononi mwa taasisi ya utafiti wa nyani. Ile ya Ngong imesalimika kwa kuwa juu ni msitu wa serikali.

Uingereza ilipitia jambo linalofanana na hili. Mwaka 1932 wafanyakazi wa Manchester walipanda Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi. Watano wakafungwa, lakini mwaka 1949 sheria ikaamuru njia za miguu ziandikwe kwenye ramani. Sisi hatuhitaji mtu afungwe. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitambua njia ya umma na kuipa Tume ya Taifa ya Ardhi uwezo wa kuianzisha hata juu ya shamba la mtu. Serikali ya kaunti ya Kajiado iitumie sasa, kabla ukuta wa mwisho haujajengwa, ikianza na mteremko kati ya kilele cha mwisho cha Ngong na kituo cha Kona Baridi, unaopita kati ya maboma na mashamba ya watu, kwa maana hapo ndipo safari ya matatu ya Ngong inapoungana na ile ya Kiserian.