KOZI HAFUNDISHWI KWA BAKORA



Ndugu zangu katika imani, kwetu mwewe akionekana angani, mama hutoka mbio kuokoa vifaranga. Tunamjua kwa wizi tu. Lakini Wabedui wa Bara Arabu walimchukua kozi, ndege mwindaji kama huyo, wakamfanya mleta riziki wa nyumba. Tuitazame historia hiyo, maana ndani yake mna somo linalonihusu mimi mwenyewe.

Tuanze na sharia. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Allah ametuhalalishia kinachokamatwa na wanyama wawindaji tuliowafundisha, na ametuamrisha tutaje jina Lake. Zingatia hapo: ndege ni yule yule, kucha ni zile zile. Asiyefundishwa akiua, ni mzoga. Aliyefundishwa akiua, ni halali. Kilichowatenganisha ni elimu.

Kozi hupita Bara Arabu kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi, wakihama kutoka nchi za baridi za kaskazini. Wabedui waliwatega kwa wavu, njiwa akiwa chambo. Walimpenda jike, kwa kuwa ni mkubwa na mwenye nguvu kuliko dume. Walimpenda pia aliye katika mwaka wake wa kwanza, ambaye tabia yake bado haijakomaa. Walikagua kifua kiwe kipana, miguu iwe imara, na manyoya ya mabawa na mkia yasiwe yamevunjika.

Kisha mafunzo. Kozi alivishwa kofia ndogo ya ngozi iitwayo burqa, inayofunika macho, ili atulie. Alibebwa mkononi mchana na sehemu kubwa ya usiku, akakaa barazani kati ya wazee, watoto, mbwa na ngamia mpaka akazoea. Alilishwa mkononi kwa kipimo: asishibe akamsahau bwana wake, wala asikonde akashindwa kuruka. Halafu aliitwa kutoka hatua chache akiwa na kamba ndefu mguuni, na umbali ukaongezwa siku hadi siku. Mwisho kamba ilifunguliwa. Mtihani ndio huo: ana mabawa, mbingu iko wazi, je, atarudi? Wazoefu walifika hapo kwa wiki chache tu. Msimu wa baridi aliwinda hubara na sungura, na joto likirudi, wengi waliwaachia waende zao.

Elimu hii ilivuka bahari. Mfalme Frederick II wa Sicily, aliyefariki mwaka 1250, aliamuru kitabu cha Kiarabu cha fani hii kifasiriwe kwa Kilatini. Katika kitabu chake mwenyewe alikiri kwamba kofia ile aliijua kupitia kwa Waarabu.

Sasa nije kwenye somo. Wanazuoni walijadiliana: ndege akila sehemu ya windo, bado ahesabiwe amefundishwa? Sisi Mashafii tunashurutisha asile. Wahanafi wakasema alama ya ndege ni kuitika anapoitwa. Na katika hoja zao wakataja hii: mwili wa mbwa unahimili kipigo cha kumkomesha asile, lakini mwili wa ndege hauhimili.

Hoja hiyo ilinikaa moyoni. Nimesomesha chuoni miaka mingi, na ile ya mwanzo bakora ilikuwa karibu yangu kuliko msahafu. Mtoto mmoja alikwama katika Suratul Bayyina. Nilimchapa, na kesho yake hakuja. Sikumfuata. Leo ni mtu mzima, na akiniona njiani huvuka upande wa pili. Kamba ilifunguka, hakurudi.

Mwalimu mwenzangu, mzazi mwenzangu, mtoto akikosea herufi, mrudishe kwa upole, hata mara ya kumi. Nami niombeeni dua, nipate ujasiri wa kubisha hodi kwa yule kijana na kumtaka radhi kabla ya mauti.

Wabillahi tawfiq.