Msamaha Usiorudisha

Kwetu Pemba jeneza halinyanyuliwi kwenda makaburini mpaka mtu wa familia asimame aseme: mwenye kumdai marehemu atufuate sisi, au amsamehe. Wapo wanaofuata, na wapo wanaosamehe pale pale, kimya kimya. Aliyesamehe amesamehe. Haji baada ya arubaini kusema kwamba alisamehe deni la mchele tu, la sukari bado analidai.

Nililikumbuka neno hilo ofisini kwa mhasibu wa skuli moja ya binafsi ya Chake Chake. Nilikwenda kwa shughuli nyengine kabisa, kumtafsiria barua, nikamkuta amezungukwa na risiti: saruji, nondo, rangi, wino wa printa, matairi mawili ya gari ya wanafunzi. Kila risiti ina mstari wa VAT asilimia 15, na kila mstari ameupigia duara kwa kalamu nyekundu. Akanisukumia ile ya saruji.

"Maalim, wewe ndiye mtu wa maneno. Si tunaambiwa skuli zimesamehewa VAT? Sasa hii niliyolipa ni nini?"

Nikamjibu kwamba alicholipa ni VAT, na kwamba skuli yake kweli imesamehewa. Akanitazama kwa huruma.

Hakukosea yeye, wala duka halikumdhulumu. Tatizo limo ndani ya neno "msamaha", ambalo Kiswahili cha kodi kimelibebesha mzigo usiokuwa wake. Na kwa kuwa mjadala wa kutoza kodi ada za skuli binafsi umeshavuma Uingereza, na ndugu zetu walioko huko wanatupigia simu kuulizia "kwenu vipi?", ni vyema neno hili tulifungue kabla hatujaanza kubishana nani anaonewa.

Jina kamili la VAT ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Dukani hakuna anayelitamka, lakini ni tafsiri nzuri, kwa sababu ukilisikiliza linakueleza kodi yenyewe inavyokwenda. Chukua seremala wa Wete aliyesajiliwa. Ananunua mbao za shilingi 100,000, juu yake analipa VAT 15,000: hiyo ni kodi ya manunuzi. Anatengeneza madawati, anayauza kwa 180,000 na kumtoza mnunuzi VAT 27,000: hiyo ni kodi ya mauzo. Mwisho wa mwezi anatoa 15,000 katika 27,000 na kupeleka serikalini 12,000. Hesabu hiyo ni sawasawa na asilimia 15 ya zile 80,000 alizoongeza kwa randa na jasho lake. Ongezeko la thamani ndilo hilo. Mfukoni mwake yeye haikutoka hata senti. Aliyebeba kodi yote ni mnunuzi wa mwisho, asiye na wa kumsukumia.

Zanzibar ina sheria yake ya VAT tangu mwaka 1998, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15. Bara walianza mwaka huo huo, wakaandika sheria mpya mwaka 2014, na wao hutoza 18. Ada ya skuli haidaiwi VAT, uwe Mkoani au Morogoro. Ila kuna njia mbili za kutodai VAT, na hapo ndipo Kiswahili kinapoteleza.

Njia ya kwanza huitwa kiwango cha sifuri. Bidhaa imo ndani ya mfumo, inatozwa, lakini kwa asilimia sifuri. Muuzaji hamdai mteja kitu, na wakati huo huo anayo haki ya kurejeshewa kodi yote ya manunuzi aliyoilipa njiani. Njia hii wamepewa zaidi wanaouza nje ya nchi. Njia ya pili ndiyo tunayoiita msamaha. Hapa muuzaji hamdai mteja kitu, lakini pia harejeshewi kitu. VAT ya saruji imekwenda. VAT ya nondo imekwenda. Skuli haikutozwa kwa jina lake, imetozwa kwa jina la mwenye duka, na kwa kuwa haina mahali pa kuidai, inaitia ndani ya ada na mzazi anailipa bila ya kuiona. Kwa hiyo karafuu ya Pemba ikipanda meli kwenda ng'ambo huwa imefutwa VAT, na anayeisafirisha ana haki ya kurejeshewa aliyoilipa njiani, na mtoto wa Pemba akiingia darasani anaingia na kodi ya tofali zilizomzunguka. Sisemi ni dhuluma. Nasema ndivyo ilivyo, na risiti zenye duara nyekundu zinashuhudia.

Waingereza wenyewe kwa njia hii ya pili wana neno "exempt", linalotokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni kuchukuliwa nje, kutolewa. Hakuna kosa lililotendwa wala deni lililofutwa. Mtu ametolewa nje ya nyumba. Akiwa nje, mtoza kodi hamgongei mlango, na yeye naye hawezi kuingia jikoni kuchukua chake. Picha hiyo inaeleza vizuri kwa nini harejeshewi. Sisi tulipotafsiri tuliiacha picha tukachukua hisia. Tukasema msamaha, neno la Mwenyezi Mungu na waja wake, la wafungwa siku ya Mapinduzi, la mume na mke baada ya ugomvi. Kisha neno hilo hilo tukalitumia kwa mwekezaji wa hoteli anayeingiza vifaa bila ya ushuru, kwa balozi, na kwa mfanyabiashara aliyefutiwa riba na adhabu. Bajeti ikisomwa, vyote vinaitwa misamaha ya kodi, na msikilizaji wa redio huko Konde anadhani ni kitu kimoja.

Nimewahi kufikiri tuseme "kuenguliwa". Kuengua ni kuondoa kitu juu ya chengine, kama mtu anavyoengua povu, na lina ile sura ya kutolewa nje. Lakini kisiwani kwetu kuenguliwa kuna kumbukumbu zake za uchaguzi, basi tuliache lipumzike. "Huduma isiyotozwa" ni refu, halina mapambo, na halidanganyi. Lingetufaa katika sheria, na "msamaha" libakie kwa yule aliyekuwa anadaiwa kweli akafutiwa.

Sasa tuone maana hiyo halisi ya "msamaha" inavyobadilisha ugomvi wa kutoza ada. Chukua skuli ya kubuni yenye wanafunzi 400, ada shilingi 500,000 kwa mwaka. Kwa mwaka inanunua vitu vya shilingi milioni 80, na juu yake inalipa VAT milioni 12. Zigawe kwa wanafunzi: kila mmoja amebeba 30,000 ndani ya ada yake bila ya kuambiwa. Ikiwa serikali itaamua kuitoza ada asilimia 15, skuli itaingia ndani ya nyumba na kurejeshewa zile milioni 12. Ikiwa na uungwana, itateremsha ada hadi 470,000, kisha VAT iongezwe juu yake, na mzazi alipe 540,500. Ameongezewa 40,500, ambayo ni kama asilimia 8 ya ada ya zamani. Asilimia 15 iliyotangazwa redioni haikumfika yote, kwa sababu sehemu yake alikuwa akiilipa siku zote. Na serikali itapata milioni 16.2 mpya, chini ya zile milioni 28.2 ambazo mwanasiasa angezitaja jukwaani.

Ndivyo ilivyokwenda Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za skuli binafsi huko zinatozwa VAT asilimia 20, na serikali ya Labour ilisema fedha hizo zisaidie kuajiri walimu 6,500 wa skuli za serikali. Taasisi ya utafiti wa fedha za umma, IFS, ilikuwa imekwisha kukadiria kwamba kwa sababu ya marejesho ya kodi ya manunuzi, uzito halisi ungekuwa kama asilimia 15. Katika mabishano ya barazani tarakimu iliyobaki midomoni ni ile 20. Wazazi na baadhi ya skuli walikwenda Mahakama Kuu wakidai haki zao zimevunjwa, wakashindwa mwezi Juni 2025. New Zealand inatoza ada hizo asilimia 15 na hakuna aliyezimia. Ugiriki ilijaribu asilimia 23 mwaka 2015, haikudumu.

Turudi kwenye skuli yetu ya kubuni. Kwa nini pengo kati ya 30,000 zilizozikwa na zile 70,500 za VAT zinazoonekana juu ya ada ya 470,000 ni kubwa hivyo? Kwa sababu gharama kubwa ya skuli ni mshahara, na mshahara hauna VAT. Ukitoza ada, unachotoza hasa ni kazi ya mwalimu, lile ongezeko analomtia mtoto kati ya alifu na hesabu za maumbo. Wapinzani wa kodi hii husema ni aibu kutoza elimu. Hoja hiyo haina nguvu kubwa kwangu, maana sare za mtoto huyo huyo zinatoka madukani na bandarini ambako hakuna anayeona aibu kutoza. Hoja yenye nguvu ni nyengine: nani hasa yuko kwenye madawati hayo? Uingereza ni kama watoto 7 katika kila 100, wengi wao wa wenye nacho. Pemba skuli ya binafsi inaweza kuwa vyumba vinne nyuma ya msikiti, na ada inalipwa na mjomba aliye Maskati, au inangoja msimu wa karafuu. Skuli nyengine ni ndogo kiasi kwamba mapato yake hayafikii hata kiwango cha kusajiliwa VAT. Ukipitisha sheria leo, haitaziona.

Na Pemba ina sababu yake ya kuwa makini na kodi isiyoandikwa. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na mpaka leo siku hiyo inaadhimishwa. Watoto wa wakwezi na wavuvi waliingia madarasani ambayo zamani yalikuwa ya wachache. Hilo ni jambo kubwa na silipunguzi hata chembe. Lakini walimu walilipwa, majengo yalijengwa, na fedha zilitoka mahali. Tegemeo kubwa la hazina ya Zanzibar lilikuwa karafuu, na karafuu nyingi ziko Pemba. Serikali ndiyo ilikuwa mnunuzi pekee. Kuanzia mwaka 1968 kazi hiyo ikashikwa na Shirika la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Bei ya dunia ilipopanda sana katika miaka ya 1970, mkulima alipewa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kilichobaki hakikuitwa kodi. Hakikuwa na asilimia, jedwali wala risiti. Aliyekiona vizuri alipakia magunia usiku kwenda Mombasa, na hilo likaitwa magendo na kuadhibiwa vikali.

Kwa hiyo bila malipo kulikuwa na mlipaji, naye alikuwa juu ya mkarafuu, ujira wa wachumaji wake ukihesabiwa kwa pishi. Tangu miaka ya 2010 sera imekuwa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na sasa ni fedha hizo hizo, baada ya wachumaji kulipwa, zinazopelekwa kulipa ada katika skuli za binafsi zilizorudi visiwani katika miaka ya 1990.

Tukifika kwenye haki, Kiswahili kina hazina ambayo hatuitumii vya kutosha. Tunasema "usawa wa elimu", na usawa ni wa kila mtu kupewa sahani moja. Wazee wa pwani walikuwa na "insafu". Limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia nusu: anayefanya insafu ni kama aliyempa mwenzake nusu yake, akajiwekea nusu. Ndani ya neno hilo kuna watu wawili, na kila mmoja anamwona mwenzake. Kwa kipimo hicho sitaki kuuliza tu kama mzazi wa skuli binafsi alipe zaidi. Naomba na mzazi wa skuli ya serikali, ambaye naye hununua saruji yenye VAT kwa kibanda chake, aonyeshwe ni shilingi ngapi zimesamehewa kwa jina la elimu na zimemfikia nani. Nikilazimishwa kuchagua, ningeziweka ada za skuli kubwa, zile zinazotangaza bwawa la kuogelea na mtaala wa Cambridge, ndani ya kodi, na ndogo zikabaki nje. Kiwango cha usajili kinaweza kuifanya kazi hiyo bila ya kuandika sheria ndefu. Lakini nisingekubali lifanyike hili kabla ya kila mzazi kuonyeshwa kile anacholipa tayari.

Nilimpendekezea mhasibu aongeze mstari mmoja kwenye risiti ya ada: "Humu mna VAT ya manunuzi shilingi kadhaa." Akacheka.

"Wazee wakiiona, watakuja kudai niwarudishie. Niwajibu nini?"

"Waambie mmesamehewa."

Akaziokota risiti moja moja, akazitoboa, akazitia kwenye faili la kijani. Ubavuni mwa faili, kwa mwandiko wake mwenyewe wa miaka mingi, pameandikwa MISAMAHA.