Roki ya Anga na Mipaka ya Nchi: Habari za Bendi ya Gong

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za tenzi, za lahaja, na za asili ya maneno. Yamkini watastaajabu kukuta makala juu ya magitaa ya umeme na bendi za Ulaya. Lakini swali ninalokusudia kulichunguza si geni kwetu. Swali lenyewe ni hili: watu waliozaliwa katika nchi mbalimbali, wasio na lugha moja ya mama wala serikali moja, wawezaje kutengeneza kitu kimoja; na kitu hicho kikiisha kutengenezwa, mwenyeji wake ni nani? Sisi wanafunzi wa Kiswahili twalijua swali hili, maana lugha yetu, ingawa mizizi yake ni ya Kibantu, imepokea wageni kutoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi, Ureno na Uingereza, na kila mgeni ameacha kitu nyumbani. Nimependa kulitazama swali hilo mahali pengine, katika muziki uitwao roki ya anga, kwa sababu huko historia yake ni fupi, na miaka yake yajulikana.

I. Jina na maana yake

Roki ya anga ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Dalili zake ni nne. Kwanza, hauna haraka: sauti moja hushikiliwa muda mrefu kama mvumo wa nyuki, na juu yake wapigaji huongeza sauti nyingine polepole. Pili, gitaa hupitishwa katika mitambo ya mwangwi hata mguso wa vidole usisikike tena. Tatu, kinanda cha umeme kiitwacho sinthesaiza hutoa milio isiyofanana na ala yoyote ya mti, ngozi au shaba. Nne, maneno yake, yakiwapo, aghalabu husimulia nyota, sayari na safari za mbali.

Muziki huo ulikuwa mtoto wa zama zake. Wasovieti walirusha Sputnik mwaka 1957. Yuri Gagarin aliizunguka dunia mwaka 1961. Na Wamarekani wawili walitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Watu walipokuwa wakiitazama safari hiyo katika televisheni, bendi ya Pink Floyd ilikuwa katika studio ya BBC ikipiga muziki wa papo hapo kuyasindikiza matangazo. Mwaka uo huo ilianzishwa London bendi ya Hawkwind, ambayo wengi huitaja kwanza likitajwa jina la roki ya anga. Na mshairi wake mashuhuri, Robert Calvert, alikuwa mzaliwa wa Pretoria, Afrika ya Kusini.

Neno anga nimelichagua kwa makusudi. Kwa Kiswahili anga ni uwazi wa juu, na pia ni nuru. Katika ukoo wake limo neno mwanga, ambalo katika ngeli moja ni nuru na katika ngeli nyingine ni mchawi achezaye usiku. Maana zote hizo zaufaa muziki huu. Wala Kiswahili chenyewe si kigeni huko juu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Chombo kilikuwa cha nchi moja, jukwaa la nchi ya pili, bahari ya nchi ya tatu, na jina likatoka katika lugha yetu. Mfano huu msomaji aukumbuke, maana bendi tutakayoisimulia iliundwa kwa namna iyo hiyo.

II. Mlango uliofungwa

Daevid Allen alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1938. Mwaka 1960 alifika Paris, kisha akavuka kwenda Uingereza, akapanga chumba katika nyumba ya wazazi wa kijana mmoja aitwaye Robert Wyatt, si mbali na Dover. Mwaka 1966 Allen, Wyatt, Kevin Ayers na Mike Ratledge walianzisha bendi ya Soft Machine. Mwaka uliofuata bendi hiyo ilikwenda Ufaransa kupiga muziki. Waliporudi, maofisa wa uhamiaji wa Uingereza walimkatalia Allen kuingia, kwa kuwa viza yake ya awali ilikuwa imepitwa na muda. Wenzake watatu walipita, naye akabaki upande wa pili wa maji, ingawa nchi yake na nchi ile zilikuwa chini ya Malkia mmoja.

Twaweza kulihesabu jambo hili kuwa dogo, karani na muhuri wake tu. Lakini tazama matokeo yake. Soft Machine iliendelea bila Allen. Yeye alirudi Paris, na pamoja na Gilli Smyth, mshairi wa Kiingereza aliyewahi kufundisha katika Sorbonne, akaanza kukusanya wapigaji wapya, na kundi hilo likaitwa Gong. Ghasia za wanafunzi zilipozuka Paris mwezi Mei 1968, wawili hao walikimbilia kisiwa cha Majorca, katika kijiji cha Deià alikokuwa akiishi mshairi Robert Graves. Huko ndiko walikokutana na Didier Malherbe, Mfaransa, fundi wa saksafoni na filimbi, ambaye husimuliwa kwamba walimkuta akiishi pangoni. Baadaye walirudi Ufaransa, wakatoa santuri ya Magick Brother mwaka 1970 na Camembert Electrique mwaka 1971.

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alimfukuza mgeni, na aliyepona ni jirani.

III. Nyumba na majina

Kundi la Gong lilikaa katika nyumba moja mashambani, karibu na mji wa Sens, kusini-mashariki ya Paris. Waliokaa humo au kupita humo walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Allen alitoka Australia. Smyth, mpiga gitaa Steve Hillage na mpiga sinthesaiza Tim Blake walikuwa Waingereza. Malherbe alikuwa mtu wa Paris. Mike Howlett, mpigaji wa gitaa la besi, alizaliwa Fiji akakulia Australia. Pierre Moerlen, mpiga ngoma, alikuwa mtu wa Alsace, jimbo ambalo Kifaransa na lahaja ya Kijerumani zimekuwa majirani kwa karne nyingi, naye alikuwa amesomea ngoma katika chuo cha muziki. Kundi hili ndilo lililotoa santuri tatu zenye kisa kimoja: Flying Teapot mwezi Mei 1973, Angel's Egg mwaka uo huo, na You mwaka 1974. Ya kwanza na ya tatu zilirekodiwa Uingereza. Ya pili ilirekodiwa nyumbani kwao Ufaransa, kwa mitambo iliyoletwa ndani ya gari.

Kisa chenyewe chahusu sayari iitwayo Gong, na viumbe wadogo wa kijani wasafirio ndani ya mabirika yapaayo, nao hupeleka habari kwa redio isiyoonekana. Mtu mzima aweza kucheka, na bila shaka wao wenyewe walitaka acheke. Lakini mwanafunzi wa lugha ataona jambo zito chini ya kicheko hicho, nalo ni majina. Kila mpigaji alipewa jina jipya la sayari ile. Malherbe aliitwa Bloomdido Bad de Grass. Jina Malherbe, likigawanywa kwa Kifaransa, lasikika kama "jani baya". Jina jipya limeifasiri maana hiyo kwa Kiingereza, likabakiza kiunganishi cha Kifaransa katikati, na mbele likawekewa Bloomdido, jina la kipande kimoja cha mwanajazi wa Marekani Charlie Parker. Jina hili haliwezi kufahamika kwa lugha moja peke yake. Mwingereza apata nusu, Mfaransa apata nusu, na anayecheka kwa ukamilifu ni yule aishiye baina ya lugha mbili. Hali kadhalika santuri ya mwaka 1971: maneno ya nyimbo zake aghalabu ni ya Kiingereza, lakini jina lake ni la Kifaransa, tena ni jina la jibini.

Mambo yaliyotendeka katika majina yalitendeka katika sauti pia. Allen alikuwa amemwona Syd Barrett wa Pink Floyd akitelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa badala ya kuzichuna. Akaichukua njia hiyo, akaikuza kwa vipande vya chuma laini, hata gitaa likatoa mvumo usio na mwanzo wala mwisho. Smyth naye aghalabu hakuimba; alinong'ona na kuvuta pumzi katika mashine ya mwangwi, sauti ya binadamu isiyo neno la lugha yoyote. Chini ya mivumo hiyo Moerlen aliweka mapigo ya mtu aliyesoma chuoni, na Malherbe akaweka jazi. Kila mmoja alileta shule yake, lakini hapakuwa na aliyeweza kumwambia mwenzake, "Kwetu hatupigi hivi," kwa sababu hapo hapakuwa kwao mtu yeyote. Hii ndiyo faida ya anga. Sayari ya kubuni haina mwenyeji, na pasipo na mwenyeji wote ni wageni sawasawa.

Hata hivyo tusiipambe nyumba ile kupita kiasi. Wapiga ngoma walibadilika mara nyingi. Smyth, aliyekuwa mwanzilishi sawa na Allen, aliacha kundi mwaka 1974 awalee watoto wao wawili. Mwaka 1975 Allen mwenyewe aliondoka, na chini ya Moerlen bendi ikageuka kuwa ya jazi na roki isiyo na maneno. Sayari haikuwa na mwenyeji, lakini watoto walihitaji mlezi, na mzigo huo ulimwangukia mwanamke.

IV. Sauti isafiripo badala ya watu

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Allen alibuni kundi jingine, Invisible Opera Company of Tibet, ambalo halikuwa na nyumba moja. Lilikuwa na matawi: Australia, Uingereza, na Brazil, ambako kiongozi wake alikuwa mpiga gitaa Fabio Golfetti wa São Paulo. Wazo la redio isiyoonekana lilianza kuwa kweli. Kisha ikaja intaneti, na mtu akaweza kurekodi gitaa lake chumbani, akalipeleka ng'ambo ya bahari kwa dakika chache. Mfano mmoja ni Spirits Burning, kundi la Don Falcone wa California, ambalo katika santuri zake nyingi limewakusanya wapigaji wa nchi mbalimbali, wakiwamo waliopata kuwa katika Gong na Hawkwind. Mwaka 2018 lilitoa An Alien Heat pamoja na mwandishi wa hadithi Michael Moorcock.

Wasiofanya kazi hii hudhani kwamba wapigaji hao hupiga pamoja kwa wakati mmoja. La, maumbile yawazuia. Kutoka London hadi Sydney ni kilomita zipatazo 17,000. Nuru ndani ya nyuzi za kioo zipitishazo intaneti huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti haiwezi kufika kabla ya kupita sehemu 85 katika elfu za sekunde, hata waya ungenyooka kama rula. Na jibu likirudi, zimekwisha pita sehemu 170. Wapigaji huanza kuyumba ucheleweo ukizidi sehemu 30 hivi, sawa na kusimama mbali kiasi cha mita 10 hewani. Basi hawapigi pamoja. Hupanga sauti juu ya sauti, kama waashi wajengao ukuta mmoja kwa zamu, na kila mmoja hufika mwenzake amekwisha kuondoka.

Hapa swali letu la kwanza larudi kwa sura mpya. Katika kazi ya zamu, anayetangulia kurekodi ndiye anayeweka mwendo na sauti ya msingi, na wote wamfuatao hawana budi kumtii. Bila kujua, amekuwa mwenyeji. Roki ya anga yaupunguza udhia huo kuliko muziki mwingine, kwa kuwa mvumo mrefu huacha malango mengi wazi, na mgeni aweza kuingia katika dakika yoyote. Lakini hauondoi. Aliyekuja wa tano hawezi kumwambia wa kwanza, "Tupunguze mwendo," wala kumtazama usoni ajue kama amechoka. Katika nyumba ya Sens waliweza.

V. Hitimisho

Allen alifariki Australia mwezi Machi 2015. Kwa matakwa yake Gong haikuvunjwa. Iliongozwa na Kavus Torabi, mzaliwa wa Tehran aliyekulia Uingereza, pamoja na yule yule Golfetti wa Brazil, ikatoa santuri mpya miaka ya 2016, 2019 na 2023. Na jambo la kuzingatia ni kwamba watu hao, wenye uwezo wote wa kupelekeana sauti, wameendelea kusafiri ili wasimame jukwaani pamoja, na kwa sababu hiyo wameendelea kuhitaji viza.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo nilipata kuzuiliwa mpakani kwa ajili ya karatasi. Kanda zangu za utafiti, zilizojaa sauti za wazee wa pwani, zilikuwa zimetangulia kwa posta na zilifika salama. Mimi niliyezirekodi nikakaa kwenye benchi mpaka asubuhi. Wanamuziki wetu wengi wanalijua benchi hilo. Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba intaneti imeifuta mipaka. Imewapa sauti pasipoti ambayo wenye sauti hawanayo. Wala sikubaliani na wasemao kwamba mipaka huzaa sanaa, eti kwa kuwa Gong ilizaliwa mlangoni pa Uingereza. Allen alikutwa na mlango mwingine ulio wazi. Kama Ufaransa nayo ingemkatalia, tusingekuwa na habari ya kuandika.

Kwa wenzangu wa lugha nina neno moja la mwisho. Vijana wa Afrika Mashariki nao wanaweza kupelekeana muziki kwa njia hii. Kazi hiyo yahitaji maneno: ya ule mvumo wa msingi, ya ule ucheleweo, ya huyo atanguliaye kurekodi na wale wamfuatao. Tuwasikilize kwanza wanavyoyaita wao wenyewe, kisha ndipo tuandike kamusi.