Ndovu wa Dhahabu wa Tabora

Miongoni mwa sarafu za Afrika Mashariki, ni chache zilizofungamana na mahali zilipotengenezwa kama ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa chapa Tabora mwaka 1916, ambayo upande mmoja ina ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima Kilimanjaro na upande wa pili ina tai wa Dola ya Ujerumani. Kwa kuwa wakati huo wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani na fedha hazikuweza tena kuletwa kutoka Ulaya, serikali ya koloni la Wajerumani chini ya Gavana Heinrich Schnee iliigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha, ikatumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, na kutoa sarafu zaidi ya 16,000, kila moja ikiwa na herufi T ya Tabora.

Ndovu alistahili nafasi hiyo, kwani kabla ya reli kufika mwaka 1912, utajiri wa Tabora ulitokana na pembe zake, zilizobebwa mabegani na wapagazi Wanyamwezi hadi Bagamoyo, na vijiji vya Unyamwezi, kuanzia Puge na Nzega upande wa kaskazini, viliwatoa vijana wengi kwa kazi hiyo ngumu. Hata hivyo, heshima hiyo ilibaki kwenye dhahabu tu. Sarafu za hela 20, yaani sehemu ya tano ya rupia, zilizotengenezwa hapo hapo kwa shaba na kuzagaa mikononi mwa watu wa kawaida, zilikuwa na taji la Kaisari na herufi D.O.A., kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani, bila mnyama yeyote.

Wakelti wa kale, jamii zilizoishi Ulaya ya magharibi na ya kati kabla ya kutawaliwa na Warumi, hawakuwatenga wanyama na fedha ya chini namna hiyo, kwa maana wale wa Gali, nchi ambayo leo ni Ufaransa, walimimina katika kalibu sarafu duni za shaba iliyochanganywa na bati nyingi, wakazitia picha za farasi, fahali na nguruwe mwitu.

Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 19, 1916, na kazi ya karakana ile ikakoma. Baada ya uhuru, wanyama walipata nafasi hata kwenye fedha ndogo, pale Tanzania ilipotoa sarafu zake mwaka 1966: sungura kwenye senti 50, mbuni kwenye senti 20, na samaki sulisuli kwenye senti 5 ya shaba, iliyokuwa ndogo kuliko zote kwa thamani.