Chembe Hai na Kikombe cha Maji: Historia ya Kolera Pwani ya Fizi na Baraka

Sisi watu wa Fizi na Baraka twaijua sana kolera, ambayo wengine huiita kipindupindu. Asubuhi mtu ni mzima. Adhuhuri anaharisha maji yanayofanana na maji ya mchele. Jioni macho yameingia ndani, sauti imepotea, na jamaa wameanza kulia. Kijijini, mara nyingi anayeitwa kwanza si munganga, bali ni katekista. Kwa hiyo yafaa tujue ugonjwa huu ulikuja kwa njia gani, wafanya nini ndani ya mwili, na kwa nini maji yenye sukari na chumvi yaweza kuushinda. Jibu limo katika kitu kidogo kabisa, nacho ni chembe hai.

Tuanze na njia. Mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakafika Ubwari, kisha Uvira. Ghuba iliyo mbele ya Baraka yaitwa mpaka leo kwa jina la Burton. Waliporudi pwani ya bahari, mwanzoni mwa 1859, walikuta kolera inaua watu Kilwa. Miaka kumi baadaye ilipiga Unguja, halafu ikafuata misafara ya pembe na watumwa. Mwaka wa 1870 Livingstone, akiwa Maniema, jirani zetu wa magharibi, alisikia kwamba imefika hata huko. Barabara ya biashara ilikuwa pia barabara ya ugonjwa. Tena, karibu na mwaka wa 1978, kolera iliingia mashariki ya Kongo, na tangu hapo haikutoka kabisa katika pwani ya Kalemie, Fizi, Baraka na Uvira. Mwezi wa saba 1994 iliingia kambini Goma kati ya wakimbizi wa Rwanda. Katika mwezi wa kwanza watu yapata 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Basi, ugonjwa huu wafanya nini? Kwanza tujue mwili umejengwa namna gani. Mwaka wa 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome la mti kwa darubini, akaona vyumba vidogo vidogo. Akaviita kwa neno litokalo katika kilatini, cella, yaani chumba kidogo. Mwaka wa 1838 Schleiden alifundisha kwamba mimea yote imejengwa kwa chembe hizo, na mwaka wa 1839 Schwann akasema vivyo hivyo juu ya wanyama. Mwaka ule ule Schwann alikwenda kufundisha Louvain, Ubelgiji. Huko huko Louvain, tangu 1876, Padri Jean-Baptiste Carnoy alifundisha elimu ya chembe, na mwaka wa 1884 akaanzisha gazeti lake, jina lake La Cellule. Kumbe, padri alikuwa kati ya waalimu wa kwanza wa elimu hiyo!

Tuifananishe chembe na nyumba. Katikati mna kiini, ambacho chatunza maagizo ya kazi zote, na ambacho chembe humrithisha kila mtoto wake. Mna ribosomu, mafundi wanaojenga protini kwa kufuata maagizo hayo. Mna mitokondria, majiko yanayochoma chakula ili kutoa nguvu. Mna lisosomu, zinazovunja takataka. Hizo alizigundua Christian de Duve wa Louvain, akazipa jina mwaka wa 1955, na mwaka wa 1974 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Kisha kuna utando unaozunguka nyumba nzima. Utando si ukuta mtupu: una milango mingi, na kila mlango wapitisha kitu chake. Katika matumbo, chembe zimepangwa bega kwa bega, nazo ndizo zinazoingiza maji na chakula katika damu.

Hapo ndipo kolera inaposhambulia. Mdudu wake alionwa na Pacini, Mwitalia, mwaka wa 1854, na Koch, Mjerumani, alimthibitisha mwaka wa 1884 huko Kolkata, Uhindi. Lakini mdudu haingii ndani ya chembe. Anabaki nje, anatoa sumu. Sumu hiyo yashika utando, yaingia, na kuamuru mlango wa chumvi ukae wazi bila kufungwa. Chumvi yatoka, maji yaifuata, na mgonjwa aweza kupoteza hata litri moja kwa saa. Sumu hiyo ilionyeshwa na munganga S. N. De, huko huko Kolkata, mwaka wa 1959.

Zamani waganga wengi walidhani kwamba kolera yabambua ngozi ya ndani ya matumbo. Wakasema: kwa nini kumnywesha mtu ambaye matumbo yake yameharibika? Watu wengi walikufa kwa kiu, na maji yapo karibu. Lakini mwaka wa 1960 Gangarosa, Mmarekani, alitangaza matokeo ya kuchunguza vipande vya matumbo ya wagonjwa wa Thailand: chembe zilikuwa nzima! Mwaka ule ule, mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba katika utando wa chembe hizo kuna mlango mwingine, unaoingiza sukari pamoja na chumvi. Ni kama mtumbwi usioondoka pwani mpaka abiria wote wawe wamepanda: sukari peke yake haipiti hapo, lazima chumvi iwe nayo. Na zikiingia, maji yafuata. Kolera haiwezi kuufunga mlango huo.

Mwaka wa 1971 munganga Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, Uhindi, kati ya wakimbizi wa Bangladesh. Serumu ya kutia katika mishipa ilikuwa inakwisha. Akachanganya maji, sukari na chumvi, akawapa jamaa wawanyweshe wagonjwa wao. Waliokufa walipungua kutoka karibu 30 kwa mia mpaka chini ya 4 kwa mia.

Sisi tusiseme kwamba mambo hayo ni ya vitabu tu. Pakiti ya SRO inayotolewa katika vituo vya afya ni matunda ya historia hiyo. Ikikosekana, chukua litri moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, usizidishe chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hata akitapika, huku mkimpeleka mbio kwenye kituo. Aliyezimia asinyweshwe, yeye ahitaji serumu. Na maji ya ziwa na ya mto Mutambala yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klorini.

Katekista anayejua haya hatasimama mlangoni akingoja kusoma sala za wafu. Ataomba kwanza sufuria, sukari na chumvi.