Upeo wa jina

Mjini Lubumbashi, ukimwambia dereva wa taksi unaenda Kenya, atakupeleka komine ya Kenya; Nairobi jina hilohilo ni nchi. Maana ya jina huwa na eneo lake; ndiyo maana natetea neno "upeo" kwa eneo ambamo jina hutambulika katika lugha ya JavaScript. Wapo wanaopinga wakisema kwamba upeo ni kilele, lakini upeo wa macho ni pale jicho linapokoma, na jina lililotangazwa kwa "let" ya mwaka 2015 hukoma vivyo hivyo kwenye mabano yake, ilhali la "var" huenea fanksheni nzima. Hata maktaba ya msimbo ichaguliwe kwa kuuliza inatwaa majina gani: jQuery na Prototype zote zilidai alama ya $ katika upeo wa jumla, zikagongana, na jQuery ikalazimika kuweka noConflict ili kumrudishia alama mwenye kuitangulia.