Mguu Umevunjika, Sawa. Umevunjwa na Nini? Historia Fupi ya Misimbo ya Ajali za Pikipiki

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na leo nitawaambia sababu. Nilikuwa nikirekebisha kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana niliandikia hospitali moja programu ya kusajili wagonjwa. Jina la hospitali nitaliacha. Kwenye fomu ya majeruhi kulikuwa na sehemu ya chanzo cha ajali, na ili fomu isigome kuhifadhiwa niliijaza mapema msimbo V89.2. Maana yake ni mtu aliyeumia barabarani katika ajali ya chombo chenye injini, bila maelezo zaidi. Miezi michache baadaye hospitali ikataka idadi ya walioumizwa na pikipiki, ili iiombe kaunti daktari wa pili wa mifupa. Ripoti ikatoka: karibu wote V89.2. Wodi ilijaa vijana wa bodaboda na abiria wao, lakini hifadhidata haikuwa na pikipiki. Ombi likaenda bila ushahidi, na likarudi bila daktari.

Nilimwendea mama anayesimamia kumbukumbu. Akanijibu kwa upole, "Kijana wangu, jibu ulikuwa umeshatuandikia. Foleni ni ndefu, tukaliacha hapo hapo."

Basi nikaketi kusoma misimbo hii ilitoka wapi. Twende pamoja.

Mwaka 1893, mjini Chicago, mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya visababishi vya vifo mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu. Alitaka nchi mbalimbali zihesabu vifo kwa orodha moja ili hesabu zilinganishwe. Kabla yake, Mwingereza William Farr alikuwa ameyapanga magonjwa katika makundi, na kundi moja likawa la vifo vilivyoletwa na nguvu kutoka nje ya mwili. Kuanzia 1900 orodha ya Bertillon ikawa inapitiwa upya takriban kila miaka kumi. Ndiyo babu wa ICD tunayotumia leo.

Lakini orodha hiyo ilikuwa ya wafu. Majeruhi aliyepona hakuhesabiwa. Mabadiliko makubwa yalikuja 1948, Shirika la Afya Duniani lilipotoa toleo la sita. Hapo wagonjwa walio hai wakaingia. Pia swali moja likagawanywa mara mbili. Misimbo iliyoanza na N ilieleza jeraha lenyewe, na iliyoanza na E ilieleza kilicholileta. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, waliacha kubana mambo mawili katika safu moja ya jedwali.

Faida yake ni rahisi kuiona. Aliyeanguka kutoka mwembeni na aliyegongwa na matatu wanaweza kuvunjika mfupa ule ule, na daktari atawatibu kwa njia ile ile. Anayepanga barabara, sheria ya helmeti au bajeti ndiye anayehitaji kujua tofauti yao.

Toleo la tisa, lililopitishwa 1976, liliweka ajali za magari barabarani katika E810 hadi E819, kwa kufuata aina ya ajali. Aliyeumia alionekana tu kwenye tarakimu ya nne: 2 ni mwendesha pikipiki, 3 ni abiria wake. Ili uhesabu watu wa pikipiki ilibidi upekue misimbo yote kumi ukitafuta mkia. Karani akiacha mkia huo, pikipiki imepotea.

Toleo la kumi, lililoidhinishwa 1990 na kuanza kutumika 1994, liligeuza mpangilio. Sasa kinachotangulia ni chombo alichopanda aliyeumia. V20 hadi V29 ni pikipiki, na V30 hadi V39 ni vyombo vya magurudumu matatu, kama tuktuk. Tarakimu inayofuata inasema aligongana na nini: V22 ni pikipiki nyingine, V23 ni gari dogo, V24 ni lori au basi, V27 ni kitu kisichosogea kama mti au nguzo. Baada ya nukta, 4 ni dereva na 5 ni abiria, ajali ikiwa ya barabarani. Kwa hiyo abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari dogo, mfupa wa muundi ukavunjika, anaandikwa S82.2 pamoja na V23.5. Ukiacha wa pili, umeandika mguu ukamsahau mtu.

Orodha hiyo haikututungiwa sisi. Bodaboda ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, na pikipiki zilifurika baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa zile za chini ya cc 250 mwaka 2008. ICD-10 haitofautishi bodaboda ya biashara na pikipiki ya mwalimu anayekwenda kazini. Lakini dereva na abiria inawatofautisha, na hata hilo fomu yangu ilikuwa imelifuta.

Toleo la 11, lililoanza rasmi Januari 2022, linaruhusu kuunganisha misimbo kadhaa kueleza tukio moja, na WHO imeweka API yake mtandaoni. Wenzangu, ichungulieni.

Nimefanya nini basi? Nimeondoa V89.2 iliyojazwa mapema. Mahali pake pana maswali matatu: ulikuwa umepanda nini, mligongana na nini, uliendesha au ulibebwa? Programu inaunda msimbo yenyewe. "Haijulikani" bado ipo, lakini iko mwisho na lazima mtu aichague kwa mkono wake. Mama wa kumbukumbu ameijaribu akasema maswali hayo huyauliza hata hivyo, ila hakuwa na pa kuandika majibu.

Rekodi za zamani siwezi kuzirekebisha. Wale waliolala wodini miezi ile watabaki V89.2 daima.

Ukiandika fomu ya hospitali, tafadhali usimjibie mgonjwa. Maoni yenu nayasubiri hapa chini. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.